Mtoto mwenye usonji, bibi kwenye kiti cha magurudumu: tutaiwezaje Disney World?

Swali

Tunaishi Houston. Mwanangu wa pili ana miaka tisa na ana usonji. Anaongea vizuri, ila akibanwa na watu hupiga kelele, na mara nyingine hukimbia. Mama yangu yuko nasi kwa miezi kadhaa kutoka Tanga. Alipata kiharusi, mguu wa kulia hauna nguvu; ndani anatembea na mkongojo, nje tunamsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Watoto wetu watatu tumewaahidi Disney World, zile bustani za michezo kule Orlando, Florida, likizo ya Desemba. Jirani anasema ukiwa na kiti cha magurudumu mnapelekwa mbele ya foleni moja kwa moja. Mwingine anasema bila barua ya daktari hamsikilizwi. Mume wangu anaona mama abaki hotelini apumzike. Tumsikilize nani?

Jibu

Dada, mpe mama shikamoo yangu, na mwambie safari anaiweza. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu umeuliza maswali mawili ukadhani ni moja. Mahitaji ya mtoto na mahitaji ya mama yanashughulikiwa pale kwa taratibu mbili zisizokutana, na familia nyingi huipoteza siku ya kwanza kwa kutolijua hilo.

Nianze na jirani. Hajatunga, amepitwa na wakati. Hadi Oktoba 2013 Disney walikuwa na kadi iliyoitwa Guest Assistance Card. Ulikwenda kwenye ofisi ya wageni, ukajieleza, ukapewa kadi, na kwenye michezo mingi uliingizwa kwa mlango wa pembeni bila kungoja sana. Mei mwaka huohuo vyombo vya habari vya New York vikaandika kwamba kuna matajiri wa Manhattan waliokuwa wakikodi watu wenye ulemavu wafuatane nao, ili watoto wao wasipange foleni. Haikupita miezi mingi kadi ikafutwa, ukaja utaratibu uliopo hadi leo: Disability Access Service, au DAS kama wote wanavyouita.

Tofauti yake ni hii. Kwa DAS hupunguziwi muda wa kungoja, unabadilishiwa mahali pa kungojea. Mchezo wenye foleni ya dakika 70 unakupa miadi ya kurudi baada ya muda unaokaribiana na huo. Kwa muda wote huo mko huru: mnakula, mnakwenda chooni, mnakaa kivulini. Saa ikifika mnaingia kwa njia ya haraka inayoitwa Lightning Lane.

Kuna familia zilizoona hilo halitoshi zikaenda mahakamani. Kesi iliyovuma zaidi ilifunguliwa 2014 kwa niaba ya kijana mwenye usonji, wakidai apitishwe njia ya haraka bila miadi. Ilipanda, ikashuka, mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikairudisha isikilizwe, na mwaka 2020 jaji wa shirikisho kule Orlando akaamua upande wa Disney. Sheria inayotawala mambo haya ni ile ya Wamarekani Wenye Ulemavu, ADA, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990. Inailazimisha biashara irekebishe taratibu zake ili mwenye ulemavu naye ahudumiwe, lakini haiilazimishi igeuze kiini cha huduma yenyewe. Kwa hiyo ukisimama mbele ya mfanyakazi ukadai kuruka foleni kama haki, umeanza vibaya. Ukieleza kwamba mwanao hawezi kusimama kwenye foleni, umeanza vizuri. Hayo mawili ni madai tofauti.

Tuje kwa mtoto. Tarehe 20 Mei 2024 Disney World waliubana mlango wa DAS tena. Sasa imekusudiwa wageni ambao, kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji kama usonji au unaofanana nao, hawawezi kungoja kwa muda mrefu kwenye foleni ya kawaida. Wenye maradhi ya matumbo, maumivu sugu na mengine mengi waliokuwa wakiipata zamani wamejikuta nje, na malalamiko hayajaisha. Mwaka 2025 kesi nyingine ilifunguliwa California juu ya mabadiliko hayo. Mimi naona wamebana kupita kiasi. Lakini wewe, usonji wa mwanao umetajwa kwa jina, kwa hiyo hoja unayo. Kilichobaki ni kuieleza.

Maombi hufanywa kwa simu ya video, na ni vizuri uyafanye mkiwa bado nyumbani Houston, si mkifika getini mmechoka. Unaingia kwenye tovuti ya Disney World kwa akaunti yako na kusubiri mfanyakazi apatikane. Wakati mwingine kusubiri huko ni kurefu, kwa hiyo chagua siku ambayo huna haraka. Mtoto awe karibu, maana lazima aonekane na apigwe picha. Mtu wa afya kutoka kampuni inayoitwa Inspire Health Alliance anaweza kuunganishwa kwenye mazungumzo. Barua ya daktari hawaidai. Ukiipunga kwenye kamera haitakusaidia sana, kwa sababu wanachopima si jina la ugonjwa bali kinachotokea foleni.

Na hapo ndipo sisi tunapokwama. Tumelelewa kusitiri. Mtoto akiulizwa hali yake mbele ya mgeni, mzazi wa Kiswahili hujibu, "Hajambo kabisa, ni mtundu tu kidogo." Nimewasikia kina mama wakisema kwenye simu hiyo kwamba mtoto "anaendelea vizuri sana siku hizi, Alhamdulillahi," na dakika mbili baadaye wanashangaa wamekataliwa. Shukrani yako kwa Mungu ni sahihi, ila mfanyakazi wa Florida anaisikia kama taarifa kwamba hakuna tatizo. Kwa dakika hizo chache weka sitara pembeni.

Usiseme: "Ana usonji, hapendi watu wengi." Wasiopenda watu wengi ni nusu ya dunia. Sema kitu cha namna hii, kama ndicho kweli: "Akisimama katikati ya watu wanaomgusa pande zote, baada ya dakika chache huziba masikio, huanza kupiga kelele, kisha hujichomoa mkononi mwangu na kukimbia bila kuangalia mbele. Tumeliona dukani na tumeliona uwanja wa ndege. Tukimtoa akakaa mahali patulivu hutulia, lakini hawezi kurudi kwenye foleni ileile." Hapo umetaja muda, umetaja hatari, na umejibu swali kabla halijaulizwa: kwa nini kutoka kidogo na kurudi hakutoshi. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, kwa sababu kutoka na kurudi ndicho wanachowapa wengi wanaowakatalia DAS.

Usiongeze chumvi. Masharti yao yanasema wazi kwamba wakigundua umedanganya, mtapigwa marufuku ya kudumu kuingia bustani zao za Florida na California, na tiketi zenu zinapotea bila kurudishiwa fedha. Hamna haja ya chumvi. Ukweli ulioniandikia unatosha.

Mkikubaliwa, kila kitu huendeshwa kwenye programu ya simu ya My Disney Experience. Unachagua mchezo, unapewa saa, mnarudi. Miadi ni mmoja kwa wakati mmoja, na saa ikishapita hamfukuzwi: mnaweza kuutumia hata baadaye siku hiyo, jambo linalosaidia sana mtoto akiwa katikati ya kuvurugika. Mwanao mwenyewe lazima apande. Kaka yake hawezi kuutumia huku yeye amebaki na baba. Kundi la kawaida ni watu wanne, naye akiwemo. Ninyi mko sita, kwa hiyo mweleze mfanyakazi wakati wa simu ileile kwamba hii ni familia ya nyumba moja pamoja na bibi, na umtajie kila mmoja. Usingoje kulieleza hilo langoni.

Ushauri wangu juu ya ule muda wa kungoja miadi: kaeni. Wazazi wengi wakishapata saa ya kurudi hukimbilia foleni nyingine ili "wasipoteze muda", kisha mtoto anafika kwenye miadi akiwa ameshachemka. Pale Magic Kingdom, moja ya bustani nne za Disney World, mwisho wa barabara kuu upande wa kushoto, karibu na mkahawa wa Crystal Palace, kuna kituo cha huduma ya kwanza na kituo cha watoto wachanga. Kila moja ya bustani nne ina vituo vya namna hiyo: ndani ni baridi, hakuna muziki wa kupiga masikio. Huduma ya kwanza hukuhifadhia pia dawa zinazotaka friji. Na kabla hamjaondoka nyumbani, soma mwongozo wa Disney wa wageni wenye changamoto za utambuzi. Unaeleza mchezo mmoja mmoja kama una giza, mwanga unaomemeteka, mshindo wa ghafla, harufu, au kama unainua mtu juu. Ukae na mwanao mkachague. Mtoto anayejua giza linakuja lini hulivumilia kuliko anayeshtukizwa. Fataki za usiku zina kishindo. Vizuia sauti vya masikioni viwe kwenye mkoba tangu asubuhi, si garini.

Kwa kuwa hukimbia, kila asubuhi mpige picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo, na namba yako ya simu iandikwe kwenye kitu asichoweza kukivua kirahisi. Mtoto aliyepotea hupelekwa kwenye kile kituo cha watoto wachanga, kwa hiyo kijue kilipo mkishaingia tu.

Wakikataa DAS, usikate simu kwa hasira. Uliza mambo mawili kwa majina yake. La kwanza ni Attraction Queue Re-entry: familia inaingia foleni, mtoto akizidiwa anatoka na mzazi mmoja, kisha wanaungana na wenzao mbele kabla ya kupanda. Mwambie mfanyakazi wa mlangoni kabla hamjaingia, si baada ya kelele kuanza. La pili ni Rider Switch, na hili mnastahili hata bila usonji. Tuseme mwanao hataki mchezo kama Space Mountain na wakubwa wanataka: mume wako anapanda na mtoto mmoja huku wewe umekaa nje na wengine, akitoka, wewe unaingia kwa njia ya haraka. Njia ya haraka yenyewe, Lightning Lane, huuzwa pia kwa kila mtu. Bei hupanda na kushuka kwa tarehe, na kwa watu sita ni fedha nyingi, lakini kuna familia ambazo baada ya kukataliwa walinunua kwa siku moja tu, ile ya Magic Kingdom, wakaona inatosha.

Sasa mama. Kiti cha magurudumu hakimpi mtu DAS. Wao wanasema foleni zao nyingi zina upana wa kupitisha kiti, na mtu aliyekaa kitini anaweza kungoja kama wengine. Kwa bustani mpya hilo ni kweli. Kwa michezo ya zamani, hasa Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, kuna foleni zenye ngazi na kona ambazo kiti hakipiti. Huko mnaonyeshwa mlango mwingine, na ikiwa foleni ni ndefu mnapewa saa ya kurudi inayolingana na foleni hiyo. Jirani aliuona mlango huo akadhani ndio wa mbele ya foleni. Ni mlango wenye njia pana tu.

Swali zito kwa mama ni la kupanda, foleni ni jambo la pili. Wafanyakazi wa Disney hawaruhusiwi kumnyanyua mgeni. Watakuletea kiti karibu, watasimamisha chombo kinachotembea, watakuonyesha pa kushika, lakini kumhamisha mtu kutoka kwenye kiti chake kwenda kwenye kile cha mchezo ni kazi ya familia. Na familia yako pale ni wewe, watoto, na mume wako. Sijui nyumba yenu ikoje, lakini kwa nilivyolelewa mimi pwani, mkwe kumbeba mama mkwe wake kifuani mbele ya halaiki ni jambo ambalo wote wawili wangependa ardhi iwameze kuliko kulifanya. Liamueni nyumbani, si pale foleni inapowasukuma kwa nyuma.

Njia rahisi ni kuchagua michezo ambayo mama hashuki kitini kabisa. Iko mingi kuliko watu wanavyodhani. Sheria za ujenzi za 2010 zilizo chini ya ile ADA, zilizoanza kutumika kwa lazima Machi 2012, zinataka kila mchezo mpya uwe na nafasi ya kiti cha magurudumu, au kiti kinachofaa kuhamia, au kifaa cha kumhamisha mtu. Lakini hata ya zamani imefanyiwa marekebisho. Pale Magic Kingdom mama anaweza kubaki kitini kwenye mashua za "it's a small world", kwenye mashua za Jungle Cruise zilizofungwa lifti, kwenye treni inayozunguka bustani, na hata kwenye yale mazulia ya Aladdin yanayopaa. EPCOT, nyingine kati ya zile bustani nne, kuna mashua za Living with the Land zinazopita ndani ya mashamba ya vioo. Bibi aliyewahi kulima atayatazama hayo kuliko wajukuu. Hollywood Studios kuna Toy Story Mania, ambako kitini kwake anafyatua shabaha kama wengine. Jueni kwamba mara nyingi chombo chenye nafasi ya kiti ni kimoja au vichache kati ya vingi, kwa hiyo mtasimama pembeni mkiwaona wengine wakipanda hadi kile chenu kizunguke na kufika. Mwambieni mama mapema, asidhani mmesahauliwa.

Kuna skuta za umeme za kukodi pia. Kwa mama sizipendekezi. Mtu aliyepata kiharusi upande mmoja, ambaye hajawahi kuiendesha, hapaswi kujifunzia katikati ya watoto wanaokimbia. Zaidi ya hayo, michezo kadhaa humtaka mtu ashuke kwenye skuta ahamie kwenye kiti cha magurudumu cha kawaida kabla ya kupanda, na hapo mnarudi kulekule. Beba kiti chake mwenyewe. Shirika la ndege haliruhusiwi kukutoza mzigo kwa kiti cha magurudumu. Hiyo ni sheria tangu 1986. Viti vya kukodi vipo malangoni, lakini haviwekwi akiba, anayewahi ndiye anayepata, na kutoka maegesho ya magari hadi lango la Magic Kingdom kuna safari ya kivuko au treni ya reli moja kabla hujakiona hicho cha kukodi. Mkiwa uwanja wa ndege, ukaguzi wa usalama una huduma ya TSA Cares. Ipigie simu saa 72 kabla ya safari, uwaeleze habari za mama na za mtoto kwa pamoja.

Vyoo navyo nivitaje. Kuna vile vya chumba kimoja, vipana, ambavyo msaidizi wa jinsia yoyote huingia na anayemsaidia. Vimeonyeshwa kwenye ramani kama vyoo vya wenza. Hata hivyo mkigawanyika, wewe ubaki na mama na mume wako abaki na mtoto. Mkifanya kinyume, mama atajibana saa nne nzima kuliko kumwomba mkwewe ampeleke. Na hotelini usiseme tu "chumba cha walemavu". Taja bafu ambalo kiti kinaingia moja kwa moja bila kizingiti, lenye benchi la kukalia, kwa sababu vyumba vingine hupewa jina hilo kwa kuwa na vyuma vya kushika tu huku beseni la kuogea likiwa lilelile la kurukwa.

Kuhusu shauri la mume wako, namwelewa, anamhurumia. Lakini kumtoa mama Tanga mkamfungia hotelini Orlando na rimoti ya televisheni, huko si kumpumzisha. Mpumzisheni kwa ratiba. Siku moja ya bustani, siku moja ya kukaa. Siku ya bustani mfike kabla lango halijafunguliwa, mpande yale makubwa asubuhi, na ikifika saa saba au nane mchana mrudi kulala. Mtoto naye anauhitaji usingizi huo huo. Huenda ndilo jambo pekee ambalo yeye na bibi yake wanakubaliana.

Siku ya kwanza nawapendekezea Animal Kingdom. Ina vivuli, ina njia pana, na ndani yake kuna kijiji kiitwacho Harambe ambacho wabunifu wake walikiiga kutoka miji ya Afrika Mashariki, Lamu ikiwemo. Kuta zina chokaa iliyobanduka, milango ya mbao, matangazo ya Kiswahili yaliyochorwa yaonekane yamefubaa kwa jua. Kuna kibanda cha vitafunio kinaitwa Tamu Tamu na baa inaitwa Dawa. Mama atakuwa ndiye mgeni pekee asiyehitaji kuelezwa chochote, na kama namjua mtu wa Tanga, atakuwa na lake la kusema juu ya hiyo milango.

Hapohapo Harambe ndipo inapoanzia Kilimanjaro Safaris, gari la wazi linalopita kati ya twiga, vifaru na tembo walio hai. Gari lina nafasi ya kiti cha magurudumu. Kiti kinaingizwa kwa usawa wa jukwaa, kinafungwa, na familia inakaa karibu naye. Linarusha. Ile barabara inayoonekana ya udongo ni zege lililopakwa rangi na kukandamizwa alama za matairi lingali bichi, na mashimo yake yamewekwa makusudi. Mpe mama mto mdogo wa mgongoni, umshikilie upande wa kulia. Asubuhi ndipo wanyama wanapotembea, kwa hiyo liwe la kwanza.

Tarehe zenu ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko yote niliyoyasema. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ni wakati wa msongamano mkubwa kupita wote wa mwaka. DAS haipunguzi watu njiani. Mtoto anayezidiwa na kuguswa ataguswa kutoka lango hadi mkahawani, na kiti cha mama kitasukumwa kati ya visigino vya watu. Kama shule itaridhia siku chache, nendeni wiki za mwanzo za Desemba: mapambo ya Krismasi yameshatundikwa, na tiketi huuzwa kwa tarehe kwa hiyo kwa kawaida huwa na bei nafuu zaidi. Kama haiwezekani, afadhali mahali pengine Desemba na Orlando mwaka ujao. Mbebee mama sweta. Asubuhi za Desemba kule si za Tanga.

Hilo la barua ya daktari lina asili yake. Universal, bustani jirani hapohapo Orlando, na Six Flags, yenye tawi San Antonio, hutumia kadi ya shirika la IBCCES. Unajisajili bure mtandaoni, unapandisha uthibitisho wa daktari au wa shule, na Universal wanataka ufanye hivyo angalau saa 48 kabla ya kwenda. Aliyekuambia habari za barua alikuwa akizungumzia huko. Kama mtapita Universal pia, iombe barua hiyo sasa, na iandike mahitaji ya mtoto, isiishie kwenye jina la hali yake.

Na kwa kuwa mko Texas, kuna jambo ambalo hukuliuliza. San Antonio ni mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kwenu, na huko kuna Morgan's Wonderland, iliyofunguliwa Aprili 2010. Mjenzi wake, Gordon Hartman, ana binti mwenye ulemavu, Morgan, na wazo lilimjia likizoni alipomwona binti yake akitaka kucheza na watoto wengine kwenye bwawa la hoteli, nao wakatoka majini wakaondoka. Pale hakuna mchezo ambao kiti cha magurudumu kimebandikwa baadaye kama nyongeza. Bembea, farasi wa kuzunguka, treni, vyote vimejengwa kiti kikiwa akilini. Mwaka 2017 wakaongeza bustani ya maji, Morgan's Inspiration Island, yenye viti maalumu vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya betri ili viingie majini. Mwenye ulemavu haingii kwa tiketi ya kulipia, ni bure. Kwa hiyo mwanao na mama hawalipi, wengine mnalipa.

Nendeni huko wikiendi moja kabla ya kununua tiketi za Orlando. Mtamwona mtoto anadumu saa ngapi kabla hajachoka, mtajua mama anahama vipi kutoka kiti hadi kiti na nani anamshika, na ile simu ya video utaipiga ukiwa na mfano wa juzi wa kusimulia. Tazama kalenda yao kwanza, kwa sababu hawafungui kila siku, na ile sehemu ya maji hufunga msimu wa joto ukiisha.